Tangi Lililongoja Kuulizwa

Alhamisi ya tarehe 6 Februari 2025, kati ya saa tano asubuhi na saa saba mchana, maji ya nyumba 380 karibu na Ishiara yalikatika na hakuna aliyejua. Watu walikuwa wanapiga makofi.

Ilikuwa siku ya uzinduzi. Magari tisa yalipanda kilima, hema likasimamishwa, soda zikagawanywa kuanzia viti vya mbele na kuishia viti vya mbele. Fundi mmoja wa kampuni iliyopewa kandarasi alipanda ngazi ya tangi na kompyuta, akabonyeza anachojua yeye, akashuka. Kwenye skrini chini ya hema ukatokea mstari wa buluu ukionyesha maji yamefika wapi ndani ya tangi.

Wakubwa waliambiwa kwamba kuanzia siku hiyo wataliona tangi hilo wakiwa wamekaa ofisini. Walifurahi sana. Walikula, wakapanda magari yao, wakaenda.

Tangi lilikuwa limejaa, kwa hivyo maji yaliendelea kutoka Ijumaa na Jumamosi. Jumapili, watu wakitoka kanisani, mifereji ikakohoa hewa. Kule bondeni, kilomita nne kutoka tangini, pampu ya sola ilikuwa imenyamaza kwenye kisima chake.

Sasa ni Jumamosi ya tarehe 15, saa tatu asubuhi. Kajuju Mutembei amekaa juu ya mnara wa tangi, mita tisa kutoka ardhini, miguu inaning'inia, kompyuta iko mapajani. Jua la Mbeere limeshaanza kuuma. Amejifunga leso kichwani na juu ya leso amevaa kofia ya mvua, maana ndiyo kofia aliyokuwa nayo alipotoka Meru, ambako mvua ilikuwa inanyesha.

Chini wamesimama watu kama sitini na mitungi yao mitupu. Hakuna aliyewaita. Wamekuja tu.

Kinachowasimamisha pale ni Jumatatu. Kampuni imesema pampu imeungua, na Jumatatu asubuhi itakuja na lori lenye winchi iing'oe iipeleke kutengenezwa. Kila mtu hapa anajua maana ya kutengenezwa. Mradi wa upande wa pili wa barabara uling'olewa pampu mwaka wa 2021. Haijarudi. Shimo lake limefunikwa kwa bati na jiwe.

"Ikitoka hapa imeenda," anasema Wambeti Ndwiga, mwenyekiti wa kamati ya maji, mama wa miaka sitini na mitatu ambaye hapandishi sauti kwa mtu. "Mimi nimechota maji mto Thuci miaka arobaini. Ndoo ya kwanza ya huu mradi nililia. Sasa wananiambia nirudi Thuci ningoje barua."

Mtungi wa lita ishirini uliokuwa unauzwa shilingi tano kwenye kioski cha mradi sasa unaletwa kwa punda kwa shilingi arobaini. Asiyekuwa nazo anatembea kilomita saba hadi mtoni, na saba kurudi.

Jina la Kajuju lililetwa na Sheila, binti ya dada yake Wambeti, ambaye anafanya kazi katika kituo cha kupoza maziwa kule Kanyakine. Alimwambia Wambeti kuna mama wa Meru ambaye mashine zikinyamaza huwa anaziongelesha. Kamati haikuwa na mahali pengine pa kupiga simu, ikapiga. Kajuju aliteremka na gari la kusambaza vifaranga, kwa hivyo alifika Ishiara saa moja asubuhi ananuka kama banda la kuku.

Mzee Nyamu, mlinzi wa tangi, alimpokea huku akitafuna majani yake ya muguka. Alimtazama kuanzia viatu hadi kofia, akauliza kama fundi mwenyewe anakuja nyuma.

"Fundi ni huyu," Kajuju akamjibu.

"Nyinyi wa Meru mna hasira. Ukikasirika juu huko usituvunjie tangi."

"Hasira nimeziacha na vifaranga, mzee. Nishikie ngazi."

Akashikiwa ngazi.

Kitu anachoshughulika nacho ni kisanduku kidogo cha chuma, ukubwa wa pakiti mbili za majani chai. Upande mmoja unaingia waya kutoka kwa kipimo kilichozama ndani ya tangi. Upande mwingine unatoka waya wa mtandao hadi kwenye antena inayotazama bondeni. Kipimo ni mashine ya lugha moja, kinajua kutamka namba kwenye waya wake mfupi na basi. Kisanduku ndicho kinachoyachukua maneno hayo na kuyafikisha mbali. Kule kisimani kuna kisanduku pacha kinachoyapokea na kuiambia pampu iwake au izime.

Pampu isipoambiwa lolote haiwaki. Imetengenezwa hivyo, isije ikamwaga maji kilimani. Kuna swichi ya kuiwasha kwa mkono, lakini iko ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwa kampuni. Nani aliyeona ni busara wenye kiu wakae huku na ufunguo ukae mjini, hilo halikuandikwa kwenye karatasi yoyote ambayo kamati ilipewa.

Kajuju hakuanza kwa kugusa. Alichomeka waya wake na akaanza kubisha kwenye namba za mtandao, moja baada ya nyingine, kutoka moja hadi mia mbili hamsini na nne, kama mtu anayepita nyumba kwa nyumba kwenye mtaa asioujua. Ukiondoa antena, milango miwili tu ndiyo iliyoitikia. Mmoja ulikuwa hapo hapo tangini. Wa pili ulikuwa kisimani, kilomita nne.

"Wako hai wote wawili," alisema kwa sauti ya chini, na mtu aliyekuwa kwenye ngazi akawapasia walio chini maneno hayo.

Kisanduku cha tangi kilikuwa kimefungwa kwa neno la siri, lakini kilikuwa na ukurasa mmoja ambao mgeni anaruhusiwa kuusoma. Kajuju aliusoma, akausoma tena, kisha akaupiga picha kwa simu. Ulisema kisanduku kimewekwa katika hali ya kungoja kuulizwa. Ulisema kimekuwa kwenye hali hiyo siku tisa. Na kwenye mstari unaohesabu ni mara ngapi mtu wa nje amekuja kuuliza tangu sherehe iishe, kulikuwa na tarakimu moja tu.

Sifuri.

Akakiuliza yeye. Hakuhitaji neno la siri kwa hilo, ilikuwa ni kufungua mlango tu na kusikiliza. Papo hapo skrini ikaanza kuandika, mstari mmoja kila sekunde kumi: 0.08, 0.08, 0.08. Sentimita nane za maji zilizobaki chini ya tangi. Siku tisa kipimo hicho kilikuwa kinasema bila kuchoka kwamba maji yanashuka, na tangu Jumapili kwamba watu wameishiwa, na maneno yakafika kisandukuni yakakaa hapo, kwa sababu kisanduku kilikuwa kimeambiwa kisimwambie mtu mpaka aulize.

Mwandishi wa habari hii, aliyekuwa amepanda naye mnarani, alimzika mke wake baada ya kungoja majibu ya vipimo siku kumi na moja katika hospitali ambayo hataitaja. Majibu yalikuwa tayari siku ya pili. Yalikuwa ndani ya mashine. Hakuna mkubwa aliyeuliza. Kwa hivyo alipoona namba zile zikijipanga kwenye skrini ilibidi ageuze uso atazame upande wa milimani kwa muda.

Kajuju aliteremka kuieleza kamati. Alichukua mawe mawili akayaweka chini, moja tangi, moja pampu.

"Hiki kisanduku unaweza kukiambia kikae kingoje kuulizwa," alisema. "Unaweza kukiambia kiende chenyewe kipige hodi kwa mwenzake kimwambie. Ama unaweza kukiambia kipayuke tu kama mtu wa mnada, asikie anayesikia. Ni hizo tatu. Ukikosea hapo, waya ni mzima, stima iko, taa zinawaka kijani, na hakuna mtu anaambiwa kitu."

Tangu mwanzo, alieleza, cha pampu kiliwekwa kingoje kuambiwa, na cha tangi ndicho kilikuwa kinapiga hodi. Siku ya sherehe wakakigeuza cha tangi ili ofisi iweze kukiuliza na kuchora ule mstari wa buluu. Sasa vyote viwili vinangoja.

"Pampu haijaungua. Tangi halijaharibika. Wamenyamaza kwa heshima."

"Kama mkwe na mama mkwe wamekutana njia nyembamba," Mzee Nyamu akasema, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili watu wakacheka.

Aliyekataa kucheka ni Muchangi, katibu wa kamati, mwalimu aliyestaafu. Alikuwa na mkataba mkononi, kurasa kumi na nne za Kiingereza, na kidole chake kilikuwa kwenye ukurasa wa tisa. Panasema mtu yeyote wa kijiji akigusa mitambo, gharama yote inakuwa ya kijiji. Na Kajuju mwenyewe alikuwa amesema hana neno la siri. Ili akigeuze kisanduku ingemlazimu akifute kwanza, kisahau kila kitu, kasi ya waya, namba yake, kila kitu, kisha akifundishe upya kwa kubahatisha.

"Saa hii angalau kinaongea," Muchangi alisema. "Ukikifuta kikakataa, Jumatatu watatukuta na kosa. Pampu wataichukua, na bili watatuachia. Mama Kiende, uko na hakika?"

Kiende ni binti wa Kajuju. Ukiitwa hivyo na watu uliokutana nao asubuhi, ujue wanakupima kama mzazi.

"Sina hakika," akajibu. "Niko na mazoezi."

Wambeti aliuangalia mkataba, akaiangalia ile mitungi. Kisha akamwambia Muchangi aandike kwenye kitabu cha kamati kwamba mwenyekiti ndiye aliyeruhusu, peke yake, na aandike na saa. Ilikuwa saa nne na dakika ishirini.

Mazoezi hayo Kajuju aliyapata kwa kupiga deki.

Alizaliwa Kanyakine mwaka wa 1988 na akatoka shule kidato cha pili, karo ilipokwisha. Aliajiriwa kufagia katika kituo cha kupoza maziwa. Kulikuwa na mizani iliyounganishwa na kompyuta ya karani kwa kisanduku kama hiki, na kila mara kilipopotea njia mizani ilipima lakini kompyuta haikuona kitu. Fundi alikuwa anatoka Nairobi. Akifika alikaa dakika kumi, akaenda. Kabla hajafika, wakulima walikuwa wanamwaga maziwa yaliyochacha.

"Mimi napiga deki nyuma yake, naangalia," anasema. "Nikaona kila mara ni vitu vinne anafanya. Vile vile. Nikasema, si hata mimi niko na vidole?"

Kiingereza cha vitabu vya mashine kilimshinda, kwa hivyo alichora. Ana madaftari sita ya shule yaliyojaa picha za skrini kwa kalamu ya risasi, mahali pa kubonyeza pamewekwa alama ya mguu wa kuku. Mwaka wa 2016, siku ambayo simu ya fundi haikushika na lita 1,900 zilikuwa zimepanga foleni, aliweka ufagio chini akavifanya vile vitu vinne. Meneja alitaka kumfukuza. Kisha uzito ukatokea kwenye kompyuta, na meneja akaamua kwamba yeye ndiye aliyemtuma.

Leo amepanga chumba Kinoru, mjini Meru, si mbali na uwanja wa michezo, na anaitwa kwenye viwanda vya kahawa, vituo vya mafuta na maabara. Mwezi mzuri huingiza kama elfu thelathini na tano, mwezi mbaya elfu tisa. Hana cheti. Kampuni kubwa humwita akarekebishe walipokosea mafundi wenye vyeti, kisha humlipa kama mfagiaji.

Sasa Kajuju amepanda tena mnarani. Anaomba kitu chembamba kigumu cha kuingia kwenye tundu la kufutia, maana pini yake imebaki Meru. Mzee Nyamu anakata mwiba wa mgunga kwa panga, mrefu kama kidole cha kati, anaupitisha juu kwa mikono ya watu watatu. Kajuju anauchomeka, anahesabu hadi kumi. Taa zote za kisanduku zinazima.

Hapo chini Muchangi amefumba macho.

Taa moja inawaka, kisha ya pili. Kisanduku kimeamka hakimjui mtu. Kajuju anakipa namba yake mpya na kukiambia kisikilize kipimo. Skrini inajaa takataka, alama za maswali na herufi zisizo za lugha yoyote. Mwandishi, ambaye shule yake haikufika mbali, alidhani mambo yameharibika kabisa. Kajuju alitabasamu.

"Hii ni dalili nzuri," akasema. "Angekuwa bubu ningeogopa. Huyu anaongea, ni mimi nasikiza kwa haraka sana."

Akapunguza kasi ya waya. Takataka za aina nyingine. Akapunguza tena. Takataka zikawa chache. Mara ya nne, bila kelele wala shangwe, zikatoka namba safi, 0.08, 0.08, kama mtoto aliyekuwa analia na sasa anasema anachotaka.

Kisha akafika kwenye ukurasa wenyewe, ule wa kuchagua jinsi maneno yatakavyosafiri. Maneno machache tu yaliyopangwa, na mbele ya kila moja kiduara cha kubonyeza. Hicho ndicho kilikuwa kimewatembeza watu kilomita kumi na nne kwa siku. Kiduara. Alitoa alama kwenye kungoja, akaiweka kwenye kwenda kupiga hodi, akaandika namba ya kisanduku cha kisimani, akahifadhi. Yote yalichukua muda mfupi kuliko kuchota kata ya maji.

Akamwambia aliye kwenye ngazi apige simu bondeni.

Simu ilipokelewa na mtu aliyekuwa amewekwa kisimani. Alisema hasikii kitu. Akasema ngoja. Kisha akainyoosha simu kuelekea kisima, na kutoka kwenye simu ile ndogo ya vitufe watu sitini wakasikia ngurumo ya chini kwa chini, kama mashine ya kusaga iliyo mbali.

Maji huchukua dakika arobaini kupanda kilomita zile nne. Watu wazima walikaa dakika zote hizo wameegemeza masikio kwenye bomba la chuma linaloingia tangini, kwa zamu, kama wanaosikiliza tumbo la mama mjamzito. Mzee Nyamu alikuwa wa kwanza kuondoa sikio. Alivua kofia.

Kwenye skrini namba ilikuwa 0.08. Halafu ikawa 0.09.

Kajuju aliangalia mara moja akafunga kompyuta. Alipoulizwa alihisi nini, alisema alihisi njaa. Wambeti alimpikia ndengu na chapati, akamlipa elfu tatu na mia tano, na akamwongezea debe la ndengu la kupeleka nyumbani. Kabla ya kula, Kajuju alimfundisha Muchangi jinsi ya kuangalia ule ukurasa, na mwalimu aliyestaafu akachora daftarini, mguu wa kuku mahali pa kubonyeza.

Hakuondoka siku hiyo. Alisema atangoja Jumatatu.

Lori la winchi lilifika saa mbili asubuhi, na nyuma yake gari dogo la meneja. Walikuta foleni kwenye kioski na maji yanatoka. Meneja alisema mitambo imeguswa. Wambeti akamwambia ndiyo, na saa imeandikwa, akampa maji kwenye kikombe cha bati. Jua lilikuwa kali. Akanywa yote.

Kisha akatoa fomu kwenye gari, akaomba kamati itie sahihi kwamba pampu imetengenezwa na kampuni tarehe hiyo. Wambeti alisoma polepole, kidole chini ya kila mstari, akaikunja mara mbili akamrudishia.

Kajuju ndiye aliyemwonyesha picha ya ule ukurasa, siku tisa na ile sifuri. Meneja aliitazama. Labda ni kwa kujitetea, labda ni uchovu tu, alisema si kosa la mtu mmoja, ni maagizo. Wakubwa walitaka kuona matangi yote kwenye skrini, kwa hivyo wiki ile visanduku vyote viligeuzwa namna hiyo, katika miradi yote kumi na miwili.

Akapanda gari. Winchi ikamfuata, tupu.

Kajuju hakurudi Meru kwa furaha. Mpango wake sasa ni kuyafikia matangi yale mengine, kwa pikipiki, kwa gari la vifaranga, kwa chochote, na katika kila tangi amwachie mama mmoja daftari. Amesema hatadai malipo mpaka maji yatoke. Muchangi ameahidi kumchorea nakala.

Kinachomzuia ni kukosa orodha ya mahali yalipo. Ameiomba kampuni mara tatu kwa simu na mara moja kwa barua iliyopelekwa kwa mkono. Kamati nayo imewaandikia waliokaa viti vya mbele siku ile. Barua zilipokelewa, zikapigwa muhuri. Wiki ya tano inakwisha, na kiangazi hakijakwisha.

Kajuju anauliza, na Wambeti anauliza, na gazeti hili linauliza: hayo matangi mengine kumi na moja yako wapi, na watu wake wanakunywa nini?